Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakimbiaji, Kampala

Ndugu wanachama, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Jumatano jioni tumeendelea na barabara ya Kabaka Anjagala, Bulange hadi kasri la Lubiri na kurudi, tukikizunguka kile kipilefti ambacho Kabaka, mfalme wa Buganda, peke yake ndiye hupita katikati. Wenye nguvu za ziada waliteremka hadi Ziwa la Kabaka. Mwezi wa nane tulikwenda Entebbe kwenye bustani ya mimea, ile ya tangu 1898. Mbega walijitokeza wengi kuliko wanachama.

Sasa niingie kwenye lile linalofanya watu wapunguze sauti nikikaribia: kuhamisha mbio za Jumamosi kutoka Northern Bypass, ile barabara kuu ya mchepuko, kwenda mtaa wa Kololo.

Bypass ina kilomita 21, Bweyogerere hadi Busega, na nakiri kipande cha kinamasi cha Lubigi ni kitamu, mafunjo kando na ukungu bado umelala juu yake. Lakini saa kumi na mbili asubuhi hapa kwetu bado ni giza. Malori yanapita, boda zinakuja upande wako bila taa, na mifereji mingine haina vifuniko. Mwezi wa pili mwenzetu mmoja alitumbukia karibu na Kawaala. Mimi ndiye niliyemvuta, kwa mikono hii, na kiatu chake kimoja kikabaki humo humo. Alishonwa nyuzi saba. Wanaonilaumu leo, asubuhi hiyo wengi wao walikuwa wamelala.

Inasemwa nimezileta mbio mlangoni kwangu. Ni kweli naishi Kamwokya. Nilikuwa naishi Kamwokya pia miaka minne nilipokuwa nikipanda boda hadi Busega kwa pesa zangu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Wa Nansana na Bwaise wana hoja ya nauli, naiheshimu. Ila kura ilipigwa kwenye kundi la WhatsApp: 14 walikubali, 9 walikataa, 23 wakasoma wakanyamaza. Aliyenyamaza amekubali, ndivyo tulivyolelewa.

Na tazameni tulichopata. Tunateremkia barabara ya Acacia, tunafuata uwanja wa gofu upande wa Kitante chini ya miti, halafu kile kilima cha kurudi, ambacho nacho kimenitukanisha. Uwanja wa Kololo wenyewe ndiko bendera ilikopandishwa 9 Oktoba 1962, kwa hiyo hamwezi kusema nimewapeleka uchochoroni. Unapofungwa kwa sherehe za taifa tunapumzika. Kupumzika nako ni mazoezi.

Mahudhurio yanasikitisha. Mkutano wa mwezi wa saba ulikuwa na watu saba, na rolex kumi na tano, zile chapati za mayai, zikaisha. Sitasema zaidi.

Fedha: tuko wanachama 46, ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, hivyo tulitarajia 2,760,000. Waliolipa mwaka mzima ni 19, nusu mwaka 9, na 18 hawajatoa hata senti. Zimeingia 1,410,000. Zimetoka 1,225,000: maji 480,000, malipo ya awali ya fulana 400,000, taksi ya Entebbe 180,000, dawa na bandeji 165,000. Zimebaki 185,000, nazo haziwezi kukomboa fulana kwa fundi. Fulana ziko tayari, nimeziona, zina rangi nzuri. Mwenye deni asiniulize yake iko wapi.

Mwaka ujao, panapo majaliwa, tunatarajia kuzungumza na mamlaka ya jiji kuhusu mifereji, na pengine kufika Kapchorwa kuona udongo aliokulia mwanariadha wetu Joshua Cheptegei. Gharama tutaangalia.

Wanaotaka kurudi Bypass waandike barua kwa katibu, wataje na nani atakayebeba maji. Tangu mwaka uanze nayabeba mimi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti