Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2024 kwa Mkutano Mkuu wa 2025: Muswada Wetu Umefika Wapi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kukitetea Kiswahili hapa Uganda, walimu na wafasiri, wazee wetu wa Bombo mliotufungulia milango leo, na ninyi mliosafiri usiku kucha kutoka Arua na Busia: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Kabla ya yote tuwakumbuke wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mmoja wao alifundisha Kiswahili karibu maisha yake yote, akinakili ubaoni kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya Kenya na Tanzania kwa sababu darasa lilikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilikuwa chake. Ndiye aliyetoa hoja mwaka jana kwamba tuache kuandika barua za shukrani na tuanze kutafuta sheria. Mungu awarehemu wote.

Hoja hiyo ndiyo mliyonikabidhi. Mlinituma nitafute mbunge atakayekubali kuubeba muswada wa Kiswahili na kuufikisha Bungeni kwa jina lake. Nimerudi na jibu, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu hilo. Mengine nitayagusa tu.

Dai letu mnalijua. Ibara ya 6 ya Katiba, baada ya marekebisho ya 2005, inasema Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Uzito wote uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Miaka karibu ishirini imepita na sheria hiyo bado hatujaishika mkononi. Mwananchi akipeleka barua ya Kiswahili kwa karani wa wilaya na karani akaikataa, hakuna kifungu cha kumwonyesha.

Katika miaka hiyo tumeshangilia mara nyingi. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, tukashangilia. Februari 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka huohuo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yetu duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha somo la Kiswahili liwe la lazima shule za msingi na sekondari, nami nilikuwa mbele kabisa kwa vigelegele. Nakiri kwenu kwamba tulichanganya mambo. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri ni nia ya Serikali, na nia hubadilika mawaziri wakibadilika.

Wazee waliopo hapa hawahitaji kufundishwa hilo. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Bunge halikuwepo, nchi ilitawaliwa kwa amri. Alipoanguka mwaka 1979 tangazo lile halikuwa na mwenyewe wa kulitetea, na Katiba ya 1995 ilipoandikwa ilitaja Kiingereza peke yake. Hapa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, watu wanaijua kuliko wengine gharama ya lugha kufungamanishwa na bunduki. Kwa sababu hiyo hasa nataka safari hii Kiswahili kiingie kwa mlango wa Bunge, kijadiliwe hadharani, kipigiwe kura, na atakayekipinga asikike pia.

Sasa nieleze njia tuliyoichagua. Ibara ya 94 ya Katiba inampa kila mbunge haki ya kuleta muswada binafsi, na inaitaka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali impe msaada wa kitaalamu katika kuuandika. Mbunge anaanza kwa kuleta hoja ya kuomba ruhusa ya Bunge. Akiruhusiwa, muswada unachapishwa katika Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati inayopewa siku 45, unarudi kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu na Kamati ya Bunge zima, unasomwa mara ya tatu, kisha unakwenda kwa Rais. Ukiusikia hivi unadhani ni basi la kwenda Jinja, unapanda na kushuka. Mwaka huu nimejifunza kwamba watu wengi wanaachwa stendi.

Tulizungumza na wabunge wanne. Wawili hatukuwapata zaidi ya kwenye simu. Wa tatu alitupokea vizuri sana na kutuahidi azimio: angeleta hoja, Bunge lingeazimia kuihimiza Serikali itekeleze Ibara ya 6, na sisi tungekaa kwenye roshani ya wageni tupigwe picha. Kamati yenu ilikaa juu ya ahadi hiyo siku nzima. Azimio lina thamani yake. Mwaka 2016 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na miaka mitano baadaye wakuu wa nchi wakafanya hivyo. Bunge letu nalo linawataka mawaziri warudi kueleza walichofanya kuhusu maazimio. Lakini azimio linahimiza, haliamuru. Yule karani wa wilaya halimgusi. Tukamshukuru mheshimiwa, tukamwambia tutarudi kwake siku tutakapohitaji kura yake.

Wa nne ndiye aliyekubali. Ameomba jina lake lisitajwe mpaka hoja iingie kwenye orodha ya shughuli za Bunge, na nitaheshimu ombi hilo hata mkinibana wakati wa chai. Tulipofika ofisini kwake na rasimu yetu ya kwanza, ile mliyoipigia makofi mwaka jana, aliipitia kurasa mbili akauliza, "Muswada huu unakula sente?"

Tulimjibu kwa fahari: ndiyo, utaunda Baraza, lenye bodi, mkurugenzi na ofisi katika kila kanda. Akaifunga faili taratibu. Akatusomea Ibara ya 93. Inasema Bunge halitashughulikia muswada unaotoza kodi au kuutwika mzigo Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa uwe umeletwa kwa niaba ya Serikali. Kumbe mbunge mmoja hana uwezo wa kuunda taasisi ya kulipwa na hazina. Rasimu tuliyoilea kwa mwaka mzima ilikuwa haiwezi kuzaliwa kwa mkono wa mtu binafsi.

Na hata muswada usio na baraza wala bodi unahitaji cheti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka kila muswada uambatane na cheti cha athari za kifedha kutoka kwa Waziri wa Fedha, chenye makadirio ya mapato na matumizi kwa muda usiopungua miaka miwili. Zikipita siku 60 tangu cheti kiombwe bila kutolewa, kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Siku hizo 60 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya ombi, kwa hiyo barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni sawa na barua isiyoandikwa. Nalitaja hili kwa sababu mwaka juzi tuliacha dai letu katika ofisi moja mjini Kampala, tukaondoka bila kugongewa nakala, na tuliporudi hakuna aliyelijua. Kosa lilikuwa letu. Tangu hapo katibu wetu haondoki kwenye kaunta yoyote bila muhuri.

Wapo waliosema baada ya siku ile kwamba muswada binafsi ni ndoto. Sikubaliani nao, na nina ushahidi. Sheria ya 2010 inayokataza ukeketaji ilianza kama muswada binafsi wa Mheshimiwa Chris Baryomunsi, na yeye huyohuyo ndiye aliyeleta muswada wa kudhibiti tumbaku uliokuwa sheria mwaka 2015. Sheria ya 2012 ya kuzuia utesaji ililetwa na Mheshimiwa Wilfred Niwagaba, na hiyo ndiyo inayonipa moyo kuliko zote, maana rasimu yake iliandaliwa na mashirika ya haki za binadamu. Watu kama sisi waliketi wakaandika, wakatafuta wa kuwabebea.

Lakini msinisikie nusu. Muswada wa Makosa ya Kujamiiana wa Mheshimiwa Monicah Amoding ulipita Mei 2021, Rais akaurudisha. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya Mheshimiwa Agnes Kunihira, mbunge wa wafanyakazi, yalipita Mei 2023, nayo yakarudishwa. Novemba 2024, katika mwaka tunaouzungumzia, Bunge lenyewe liliukataa muswada wa Mheshimiwa Sarah Opendi wa kudhibiti vileo. Rais akiurudisha muswada mara mbili, Bunge linaweza kuupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote na ukawa sheria bila saini yake. Kwa muswada wa lugha sioni theluthi mbili zikitoka wapi. Na upo mfano wa upande wa pili: muswada wa Mheshimiwa Raphael Magyezi wa kuondoa ukomo wa umri wa Rais, nao ulikuwa wa mbunge binafsi, ulianza Septemba 2017 na kupitishwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo kwa kura 317 dhidi ya 97. Chama chetu hakina upande katika jambo lile. Nautaja kwa sababu ya mwendo wake: Serikali ikiutaka muswada, miezi mitatu inatosha.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuandika kitu ambacho Serikali haina sababu ya kukiogopa. Hapo ndipo kamati ilipogawanyika, na mna haki ya kujua. Walimu wetu wawili wakongwe walishikilia kwamba lugha bila baraza ni yatima: nani atasanifisha istilahi, nani atapima wafasiri? Wana hoja, na walizungumza kwa uchungu. Tulikaa Kisenyi mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilisimama upande wa wale waliosema baraza tuiachie Serikali, ambayo imekwisha kuliridhia, na sisi tulete kile ambacho Ibara ya 6 inakingoja waziwazi, yaani mazingira ya matumizi. Kura zilipopigwa, upande huo ulishinda kwa kura moja. Kwa kura moja, ndugu zangu. Ndiyo maana sikutaka kuendelea bila kuwarudia.

Rasimu mpya ni fupi. Inataka matangazo ya umma ya afya na usalama yatolewe kwa Kiswahili pia. Inampa mwananchi haki ya kuandikia ofisi ya wilaya kwa Kiswahili na barua yake ipokelewe. Mahakamani inajenga juu ya kile ambacho Ibara ya 28 imekwisha kumpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama, yaani mkalimani, na kutaka mkalimani wa Kiswahili awe amethibitishwa. Na inataka dai la wananchi kwa Bunge lipokelewe likiwa kwa Kiswahili. Kifungu hiki cha mwisho nilikiandika mwenyewe. Dai letu la kukitetea Kiswahili tuliliandika kwa Kiingereza, nikalisoma mbele ya wanachama wazee ambao hawakuelewa neno walilolitilia saini. Sijasahau nyuso zao.

Kutafsiri nako kunagharimu, na mheshimiwa ametuonya kwamba Ibara ya 93 inaweza kurudi kutubishia hodi. Tumeandika vifungu ili ofisi zitumie watumishi waliopo, na mhasibu wetu ameanza makadirio ya miaka miwili ya kuambatisha kwenye ombi la cheti. Wanachama mliowahi kufanya kazi mahakamani au wilayani, tunawahitaji. Mnajua barua ngapi zinaingia kwa wiki, sisi tunakisia.

Muda hauko upande wetu. Bunge hili la 11 linamaliza muhula wake Mei 2026, uchaguzi mkuu uko mwanzoni mwa mwaka huo, na kabla yake wabunge watakuwa majimboni wakiomba kura. Hoja isipoingia mwaka huu wa 2025, tutaanza upya na sura mpya.

Mengine kwa kifupi. Sherehe ya 7 Julai ilifanyika vizuri na mashindano ya insha yaliwavutia wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, ambao kwao Kiswahili ni lazima tangu mtaala mpya wa 2020. Wasiwasi wangu ni walimu: somo limetangulia, walimu wanafuata nyuma. Tawi la Arua limepata chumba cha mikutano. Tawi la Mbale limelala na linahitaji kuamshwa. Hesabu atawasomea mweka hazina. Niseme tu kwamba ada zimechelewa, na nauli za kwenda Bungeni zilitoka mifukoni mwa wanakamati.

Baada ya swala ya adhuhuri tutapiga kura juu ya mambo mawili. La kwanza, kama tuendelee na rasimu fupi au turudi kwenye ile ya baraza. La pili, kama mtaikubali rasimu fupi, muipe kamati ruhusa ya kuikabidhi kwa mheshimiwa kabla mwezi huu haujaisha. Wale wawili walioshindwa kwa kura moja watazungumza kwanza, nami nitazungumza baada yao. Nakala ziko kwenye meza ya katibu, upande wa mlango, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tafadhali zisomeni kabla ya chakula.