Stichi zinapatana, raundi hazipatani: niuze pateni hii au nisubiri?

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wafumaji wote wanaozisoma barua hizi. Nataka kuanza kuuza pateni za krosheti, yaani maelekezo ya kufuma kwa sindano moja yenye ndoano, na ya kwanza iko mlangoni: sweta ya raglani (ile ambayo mistari ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani hutenganisha mikono na mwili) inayofumwa kuanzia shingoni kushuka chini, bila kuunganisha vipande. Picha zipo, maelekezo yameandikwa, na waliojitolea kuijaribu wameshaleta majibu. Kinachonikwamisha ni hayo majibu. Niruhusu nieleze kwa hesabu, maana bila namba kila mtu atanishauri kwa kubahatisha.

Uzi ni wa unene namba 4 (wa kati), sindano ni ya mm 5, na stichi ni hafu dabo, yenye urefu wa wastani, ile inayofupishwa hdc (half double crochet). Kipimo changu ni stichi 14 na raundi 10 kwa kila sm 10, baada ya kipande cha majaribio kuloweshwa, kutandazwa na kukauka. Kipande hicho kinatakiwa kifumwe kama sweta yenyewe, yaani kwa raundi, na kazi igeuzwe kila raundi inapofungwa. Asiyegeuza, stichi zake huegemea upande mmoja, na mistari ya raglani hupinda polepole mpaka kwapa moja linakaa mbele na jingine nyuma. Hilo liko kwenye pateni kwa herufi nzito, na bado wapo wanaoliruka.

Chukua saizi ya kifua cha sm 100 (kipimo cha sweta, si cha mwili). Shingo inaanza na stichi 60: mbele 25, nyuma 25, kila mkono 5. Kwenye kona nne za raglani unaongeza stichi moja kila upande wa kona, kwa hiyo stichi 8 kwa raundi. Raundi 20 za kuongeza zinakufikisha stichi 220: mbele 65, nyuma 65, mikono 45 kila mmoja. Zipo pia raundi 2 za kufuma tupu bila kuongeza, jumla raundi 22. Hapo mikono inawekwa kando, kila kwapa linapewa cheni 5 (vitanzi vilivyofuatana ambavyo huhesabiwa kama stichi), na mwili unafungwa ukiwa na stichi 140, ambazo ni sm 100 kamili. Mkono unabaki na stichi 50, karibu sm 36. Raundi 22 zinatoa kina cha sm 22 kutoka shingoni hadi kwapani. Kwenye karatasi, mambo safi.

Mikononi mwa watu, hapana. Waliopata stichi 14 barabara wametofautiana kwenye raundi: mmoja anapata 9 kwa sm 10, mwingine 11 na nusu. Raundi 22 za yule wa kwanza zimekuwa sm 24.4 na kwapa linaning'inia. Za wa pili ni sm 19.1, na sweta inambana kila akiinua mkono. Kifua cha wote wawili ni kilekile.

Chanzo chake ni kitanzi cha kwanza. Ukishazungusha uzi, ukapenyeza sindano na kuvuta kitanzi, kuna anayekiinua juu, kuna anayekiacha pale kilipotokea, na kuna anayekivuta kushuka chini mpaka kikaze. Upana wa stichi unategemea zaidi unene wa sindano; urefu wake unategemea kitanzi hicho. Ndiyo maana ushauri wa siku zote wa "badilisha sindano" hautoshi. Ukipanda hadi mm 5.5, raundi zitarefuka, sawa, lakini stichi nazo zitatanuka. Zikishuka kutoka 14 hadi 13 tu kwa sm 10, zile stichi 140 zinakuwa karibu sm 108. Na kumwambia mtu abadilishe namna ya kuvuta kitanzi ni kazi bure: atajitahidi raundi tatu, ya nne mkono unarudi kwenye mazoea, na kitambaa kinaonyesha mstari pale alipojisahau.

Kwa saizi ndogo ninalo jibu, na naomba mlipime. Zile raundi tupu ndizo akiba. Mwenye raundi 9 kwa sm 10 anaziacha zote mbili: raundi 20 zinampa sm 22.2. Mwenye 11 na nusu anaongeza 3 tupu zaidi, zinakuwa raundi 25, sawa na sm 21.7. Nimewaza kuweka jedwali dogo: tafuta raundi zako kwa sm 10, soma idadi ya raundi tupu za kufuma. Wauzaji wengi huandika tu "endelea hadi sm 22", na kwa mwili na mikono ni sawa kabisa. Kwenye sehemu hii ya juu maneno hayo ni mtego, kwa sababu raundi zimefungamana na kuongeza stichi. Anayesimama raundi ya 18 kwa kuwa rula imesema sm 22 amekosa stichi 16, na hataligundua mpaka agawe mikono.

Kwenye saizi kubwa ndipo mambo yanapochacha. Pateni ina saizi tisa, na nne za mwisho hazikubali hesabu hiyo. Tuseme kifua cha sm 150, yaani stichi 210. Ukianza na stichi 27 mbele, 27 nyuma, na cheni 10 kwa kila kwapa, kisha ukaongeza 8 kwa raundi kama kwenye saizi ndogo, utahitaji raundi 34. Hiyo ni sm 34 kabla ya kufika kwapani, na mkono utakuwa na upana wa sm 59. Hakuna atakayeivaa. Kifua kikiongezeka sm 50, kina cha kwapa hakiongezeki kwa uwiano huo. Kinahitaji sm 4 hivi tu.

Kwa hiyo nimetenganisha kasi ya mwili na ya mikono. Cheni za kwapa ni 14. Shingo inaanza na 27 mbele, 27 nyuma na 6 kila mkono. Raundi ni 26: mbele na nyuma zinaongezeka kila raundi, na katika raundi 6 kati ya hizo zinaongezeka mara mbili kila ukingo, mikono inaongezeka katika raundi 25. Mwisho unapata 91 mbele, 91 nyuma na 56 kila mkono. Jumlisha cheni: mwili stichi 210, mkono 70, sawa na sm 50. Sweta inakaa vizuri, na aliyeifuma kwa kipimo changu hana lalamiko.

Lakini angalia: raundi zote 26 zina kazi. Hakuna tupu hata moja. Mwenye raundi 11 na nusu anaweza kuongeza 4 tupu akafika sm 26.1. Mwenye 9 anafika sm 28.9, na hana cha kupunguza. Ili apate kina sahihi lazima afume raundi 23, na hapo mwili unadai raundi 9 za kuongeza mara mbili badala ya 6, huku mikono nayo ikidai 2. Hayo ni maelekezo mengine kabisa. Saizi nne kubwa, kila moja na maelekezo mawili, ni manane. Faili ambalo sasa lina namba tisa kwenye kila mabano, moja kwa kila saizi, litageuka msitu, na mnunuzi wa saizi ndogo atalikimbia pamoja na wa saizi kubwa.

Njia ninazoziona hazinifurahishi. Kutoa saizi tano ndogo sasa na kubwa baadaye ni rahisi kwangu, ila wavaaji wa saizi kubwa wamechoka kuambiwa "baadaye", na wana haki. Kugawa faili mawili ndani ya ununuzi mmoja kunasafisha ukurasa, lakini kila kosa litakaloonekana itabidi lisahihishwe mara mbili. Nafikiria pia kubadilisha stichi: sc (single crochet) ni fupi kuliko hdc, kwa hiyo kina kilekile kingekuwa na raundi nyingi zaidi, akiba ingepatikana hata kwenye saizi kubwa, na kila raundi ya kupunguza au kuongeza ingehamisha kina kidogo tu. Gharama yake ni kitambaa kigumu zaidi, uzi mwingi zaidi na muda mrefu zaidi. Sweta ya sc kwa uzi namba 4 inaweza kusimama yenyewe mezani.

Wapo watakaoniambia niiweke sweta kando, nianze na shali, ambayo ikizidi sm 5 hakuna anayepiga kelele. Ni kweli shali husamehe. Ila pateni za bure za shali zimejaa kila mahali, na anayelipia pateni mara nyingi analipia hesabu ambayo hataki kuifanya mwenyewe. Hesabu hiyo iko kwenye nguo.

Kuna mambo mengine ambayo nimeyaamua nusu nusu. Kwanza mhakiki wa pateni, yule anayelipwa kwa saa kukagua hesabu na mpangilio. Wengi humpa kazi baada ya wajaribu kumaliza. Mimi naona atangulie yeye, kwa kuwa kosa la stichi 2 akilikuta kwenye karatasi linagharimu dakika, ila mjaribu akilikuta kwapani linagharimu mabonge ya uzi aliyoyanunua kwa hela yake. Kwa saizi tisa na wajaribu wawili kila saizi, hao ni watu 18, na wengine huacha katikati. Nikibadilisha saizi nne kubwa sasa, je, niwarudie walewale na kuwaomba wafumue? Au niwalipie uzi mpya?

Pili istilahi, yaani majina ya stichi, ambayo Marekani na Uingereza hayafanani. Nimeandika kwa za Marekani na naandaa toleo la Uingereza. Kinachoniogopesha ni dc (double crochet): ipo pande zote mbili na si stichi moja, kwa sababu dc ya Uingereza ni sc ya Marekani, na dc ya Marekani ni tr (treble) ya Uingereza. Hafu dabo ina nafuu, kwani hdc kule Uingereza ni htr (half treble), haigongani na kitu. Mchoro wa alama ungeondoa utata huo, lakini mchoro wa raglani yenye saizi tisa hauingii kwenye ukurasa. Nadhani nichore kona moja tu, raundi tatu au nne, ili ionekane pale panapoongezwa.

Kiasi cha uzi nimekiweka kwa mita, si kwa mabonge. Sweta ya sm 100 ina uzito wa g 520. Uzi una mita 200 kwa g 100, hivyo ni mita 1,040, na ukiongeza asilimia 10 ya tahadhari unakaribia 1,150. Saizi nyingine nimezikadiria kwa eneo la kitambaa, kisha nikalinganisha na mizani za wajaribu.

Kuhusu mahali pa kuuzia, Etsy, soko la mtandaoni, hutoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa inayoorodheshwa kwa miezi minne, hutoza tena kila inapouzwa na kujiorodhesha upya, kisha asilimia 6.5 ya bei, kabla ya ada ya malipo. Ada zisizobadilika huuma zaidi pateni ya bei ndogo. Faida yake ni kwamba kodi ya bidhaa za kidijitali kwa wanunuzi wa Umoja wa Ulaya, ambayo tangu 2015 hufuata nchi ya mnunuzi, soko lenyewe hukusanya na kuiwasilisha. Ravelry, tovuti ya wafumaji, nayo humwezesha mbunifu kuwatumia wanunuzi faili lililosahihishwa, na kwa pateni yenye hatari kama hii, hilo si jambo dogo.

Naomba basi waliokwisha kuuza nguo za krosheti wanijibu hasa hili: kwa saizi kubwa, mnunuzi anavumilia kuchagua kati ya maelekezo mawili kulingana na raundi zake, au ni heri kurudi kwenye sc na kukubali uzito wake? Na jedwali la raundi tupu, mnaliweka mwanzoni karibu na kipimo, ambako watu huruka, au palepale kabla ya kugawa mikono?

Wenu,
Mfumaji wa raglani