Mabeki wetu wa nyuma msimu huu

Columbus, Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani wote wazima, na mdogo wako kila siku anauliza utakuja lini. Uliponiuliza kwenye simu kama mabeki wa nyuma wa Ohio State, timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, watatosha mwaka huu nilikuwa kazini, nikakujibu kwa haraka. Sasa nimetulia.

Hofu yako naielewa. Timu iliyotwaa ubingwa Januari kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23 imeondokewa na watatu kwa mpigo: Denzel Burke, Lathan Ransom na Jordan Hancock, wote wamekwenda NFL, ligi ya kulipwa. Lakini Caleb Downs, beki wetu wa mwisho, yupo, na maadamu yupo mimi nalala usingizi. Kule Chuo cha Alabama, kabla kocha wake Nick Saban hajastaafu na Downs akaja kwetu, aliangusha wapinzani mara 107 katika mwaka wake wa kwanza. Watu wanakumbuka ule mpira wa teke aliourudisha yadi 79 dhidi ya Indiana. Mimi namtazama kabla mpira haujaanza kuchezwa: anasoma, ananyoosha kidole, anawapanga wenzake. Pembeni yake atakuwa Jaylen McClain, bado mdogo, na hilo la kupangwa atalihitaji sana.

Kwenye ukingo wa uwanja, Davison Igbinosun ana mwili na ana moyo, ila msimu uliopita mikono yake ilituponza. Kwa sheria za vyuo, kumzuia mpokeaji pasi ikiwa hewani kunagharimu hadi yadi 15, na wapinzani wanaanza upya majaribio yao manne hata kama mlikuwa mmeshawabana. Naomba mwaka huu aiamini miguu yake. Jermaine Mathews Jr., mtoto wa Cincinnati, simtilii shaka. Devin Sanchez ndiyo kwanza ametoka sekondari Houston; asiharakishwe. Nafasi ya Hancock, ya kukaba katikati, nadhani itakuwa ya Lorenzo Styles Jr., aliyekuwa mpokeaji wa pasi Notre Dame kabla ya kugeuzwa beki. Mbio anazo. Kumkaba mtu katikati, ambako anaweza kukata kushoto au kulia, bado sijaona akijaribiwa vya kutosha.

Kinachonisumbua zaidi si wachezaji. Jim Knowles, aliyekuwa kocha wetu wa ulinzi, amehamia Penn State, na ulinzi sasa uko mikononi mwa Matt Patricia, aliyefundisha NFL karibu miaka 20. Kule mistari miwili ya katikati, ambayo mpira huwekwa kati yake au juu yake kila mchezo unapoanza, imeachana futi 18 na inchi 6. Vyuoni ni futi 40. Mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia unabaki uwanja mpana mno, na beki wa mwisho ana eneo kubwa la kukimbilia kuliko alivyozoea mwalimu kumpangia. Patricia ana akili, atalizoea. Ila ratiba haimpi muda: mechi ya kwanza kabisa ni Texas, na Arch Manning, mrushaji wao wa pasi, anarusha mbali.

Hata hivyo naona tutawazuia. Ni Jumamosi tarehe 30, saa sita mchana, hapa hapa Columbus. Texas wakiwa na mpira usimkodolee macho Manning, mtafute Downs, namba 2, alipo, halafu nipigie wakati wa mapumziko uniambie umeona nini. Na ule kabla ya mechi, nakujua.

Mama yako