Mlinzi wa kikapu hapimwi kwa mipira aliyopora tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachambuzi wenu wa mpira wa kikapu. Kila wakipanga walinzi bora wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wanaangalia safu mbili tu: mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa. Mwenye nyingi ndiye kinara, mjadala umefungwa. Mimi nafundisha vijana mchezo huu. Wakishasoma orodha hizo, mazoezini kila mmoja anarukia pasi na kumwacha mtu wake wazi nyuma. Inaniuma.

NBA ilianza kuhesabu vitu hivyo viwili msimu wa 1973-74. Bill Russell, mlinzi hodari wa Boston Celtics, alikuwa ameshastaafu tangu 1969, na mataji 11 aliyoyatwaa na timu hiyo, bila rekodi rasmi ya mtupo hata mmoja aliouzuia. Kwa kipimo chenu, yeye si mlinzi.

Hebu tazameni shambulizi moja la kawaida. Gadi, mchezaji anayeongoza mpira, anajificha kwenye skrini, yaani nyuma ya mwenzake aliyesimama kumzuia mlinzi, na mlinzi wake anaachwa. Senta wa timu inayolinda, yule mrefu wa chini ya kikapu, anamwacha mtu wake na kupiga hatua mbili kuziba njia. Mlinzi wa kona naye anaingia ndani kumfunika yule aliyeachwa na senta. Pasi inatoka hadi kona, mtupo, pointi tatu. Takwimu zitamtaja mlinzi wa kona, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mtupaji. Aliyepitwa mwanzoni, chanzo cha yote, hatajwi. Na senta aliyeziba njia ya pointi mbili za wazi kwa kusimama tu mahali pake, hana hata alama moja.

Tangu msimu wa 2013-14 viwanja vyote vya NBA vina kamera zinazofuata kila mchezaji, na sizibezi. Ndizo zinazotuambia wapinzani wanatupaje wakiwa mbele ya mlinzi fulani. Chini ya kikapu takwimu hiyo naiamini kiasi, maana urefu na mikono ya senta kweli huharibu mitupo. Kwenye pointi tatu siiamini hata kidogo: mtupaji akikosa akiwa peke yake, mlinzi aliyezubaa anavuna sifa. Halafu kuna watu wanaoingia na mpira, wakimwona Rudy Gobert, senta mrefu wa NBA, wanageuka nao. Mtupo ambao haukutupwa utauandika wapi?

Shane Battier wa Houston Rockets hakuwa na kasi ya kutisha wala hakuruka sana. Timu ilimpa takwimu za kila mpinzani, naye akawa anamsukuma Kobe Bryant, mfungaji nyota wa Los Angeles Lakers, kwenye mitupo ya umbali wa kati, kiganja kikiwa mbele ya macho yake. Kobe angeweza kufunga pointi nyingi usiku huo, lakini kwa mitupo mingi mibaya kuliko kawaida yake. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka vijana wangu waione ikisifiwa gazetini.

Kwa hiyo, Mhariri, mkichapa orodha nyingine, wekeni timu inafungwa pointi ngapi kwa kila mashambulizi 100 mchezaji akiwa uwanjani, na ngapi akiwa benchi, kwa misimu miwili au mitatu, kwa sababu msimu mmoja hudanganya. Chini yake aandike mtu aliyetazama mechi zenyewe, atueleze huyo mlinzi alipangiwa kumkaba nani.

Wenu,
Kocha wa vijana