Asante kwako uliyeikaza ngoma yetu

Ndugu uliyeshuka kutoka jukwaa la watazamaji na ufunguo wa kukazia ngoma mkononi, hukutuachia hata jina. Asante sana. Mapumziko ya mechi za futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ambapo bendi ya gwaride kama yetu hupiga, ni dakika 20 tu, na ngoma ndogo ya gwaride kwa kawaida ina skrubu 12 za kukazia ngozi. Ngozi ikilegea upande mmoja, fimbo hairuki sawasawa na safu nzima ya wapigaji husikika kama imechelewa.

Hukukaza kwa kuzunguka duara. Ulikwenda skrubu moja kisha ile inayoikabili, robo mzunguko kila moja, ukigonga kwa ncha ya fimbo karibu na ukingo mpaka milio ikalingana. Ndivyo inavyotakiwa: ukimaliza upande mmoja kwanza, pete inayobana ngozi inalala upande na meno ya skrubu yanalika. Kisha ukaipindua, ukalegeza kidogo nyaya za chini zilizokuwa zinakaba mlio.

Na lile tone la mafuta kwenye skrubu iliyoshika kutu kwa mvua! Wengi huilazimisha, ikakatika.

Mungu akubariki popote ulipo. Ufunguo wako tunao, tumeufunga kwa kamba kwenye kibebeo cha ngoma ya kwanza kushoto.