Barua kwa mdogo wangu aliyeacha kuchora ng'ombe

Mdogo wangu,

Tangu uniambie umelifungia daftari lako kabatini kwa sababu umeambiwa ng'ombe si kitu cha kuchorwa na msanii wa maana, sina raha. Nakuandikia hadharani maana najua hukuambiwa peke yako.

Paulus Potter alizaliwa Enkhuizen, Uholanzi, mwaka 1625, mtoto wa mchoraji. Mwaka 1647, angali kijana kabisa, alichora fahali mchanga kwa rangi ya mafuta. Picha ile ina kimo cha zaidi ya mita 2 na upana wa zaidi ya mita 3! Zama zile ukubwa kama huo ulikuwa wa wafalme, vita na visa vya Biblia. Yeye akampa dume la ng'ombe.

Tena hakuanza na ukubwa huo. Alianza na fahali peke yake, halafu akaunga vipande vya kanvasi pembeni na juu, ndipo wakapata nafasi ng'ombe aliyelala, kondoo watatu na mchungaji aliyesimama nyuma ya mti. Kila nikifikiria ile kanvasi iliyoungwa, nakukumbuka wewe.

Isogelee sasa. Nzi wanamzonga fahali mgongoni. Chini kuna mavi ya ng'ombe, hakuyaficha. Kuna chura majanini, mdogo, ambaye mtu mwenye haraka hamwoni. Juu ndege anaruka, na mbali kabisa, kule malisho yanakoishia, umesimama mnara wa kanisa la Rijswijk.

Wajuzi wa mifugo wameona kasoro: pembe, meno na ngozi ya shingoni havilingani umri, kana kwamba fahali mmoja ameundwa kwa ng'ombe kadhaa. Ni kweli. Lakini mimi hapo namwona kijana aliyekaa malishoni siku nyingi, akimtazama huyu, akimtazama yule, kisha akashindwa kumwacha hata mmoja.

Wanajeshi wa Ufaransa waliichukua picha hiyo mwaka 1795, ikakaa Paris hadi iliporudishwa mwaka 1815. Leo iko katika makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague. Potter mwenyewe alifariki mwaka 1654, akiwa na miaka 28 tu. Baada ya picha hiyo alichora zaidi picha ndogo, na wapo wanaoziona bora kuliko fahali huyu. Mimi narudi kwa fahali kila mara.

Unaukumbuka ule mchoro wako wa mtamba anayejikuna kwenye mti? Karatasi iliishia kiunoni, ukaona umeharibika, ukauacha. Utoe kabatini. Gundisha karatasi nyingine pembeni, umchoree miguu ya nyuma na mkia, na kama siku ile palikuwa na nzi, wachore nao. Ukimaliza nitumie.

Dada yako