Mkono haujavimba, lakini si wangu tena

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Majengo, hapa Mombasa. Kwa miaka 12 nimeuza mahamri na mbaazi kibarazani kwangu. Mwaka jana nilikatwa ziwa la kulia kwa sababu ya saratani, nikatolewa na tezi 16 za kwapani, kisha nikapigwa mionzi siku 15. Alhamdulillahi, vipimo vya juzi vimetoka safi.

Kilichobaki ni mkono. Zile tezi ndizo zilizokuwa zikipitisha maji ya limfu yanayotoka mkononi. Zikishaondolewa, na mionzi ikaziba njia zilizosalia, maji yanaweza kukosa pa kupita. Uvimbe huo hospitalini wanauita limfedema. Niliambiwa kwamba katika wanawake 5 waliotolewa tezi nyingi kama mimi, mmoja hivi humpata, mara nyingi miaka 2 au 3 ya mwanzo, ila hata baada ya miaka mingi unaweza kuja. Dawa ya kuniondolea hofu hiyo moja kwa moja hakuna.

Mpaka leo haujavimba. Ila jioni nausikia mzito, kama nimebeba mtoto aliyelala. Bangili yangu ya mahari nimeihamishia kushoto tangu siku ile alama yake ilipobaki imezama mpaka nikaswali isha. Kila asubuhi nabonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo nione kama pataacha shimo, kisha napima mikono yote miwili kwa utepe wa fundi cherehani na kuandika kwenye daftari la madeni ya wateja.

Miezi mitatu iliyopita mafuta ya karai yaliniruka, tone dogo tu, chini ya kiwiko. Sikulijali. Usiku wa pili mkono ukawa mwekundu na wa moto, mimi natetemeka kwa homa. Nikakimbizwa hospitali, nikapewa antibiotiki, ukatulia. Daktari akanionya kwamba mkono huu hauna tena walinzi wake: kidonda kidogo tu hupitisha vijidudu, na kila maambukizi huzidi kuiharibu mishipa iliyobaki.

Tangu siku hiyo kila mtu ana amri juu ya mkono wangu. Majirani wananong'ona matende, maana sisi Pwani twayajua tangu utotoni. Lakini matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na shida yangu mimi imetokana na kisu cha matibabu. Hayo ya majirani nayaachia hapo.

Mume wangu amelichukua bakuli la kukandia akampa binti wa jirani, naye humlipa kutoka mfukoni mwake. Mbuzi ya nazi ameipandisha juu ya kabati. Hakuzua, muuguzi mmoja alimwambia nisinyanyue hata ndoo. Lakini fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niliyemwona baadaye alisema kinyume: misuli ikikaza na kulegea ndiyo inayoyasukuma yale maji, kwa hiyo nirudi kazini taratibu, nianze na unga kidogo, nipumzike mkono ukichoka. Akanieleza utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wanawake 154 waliotolewa tezi kama mimi. Baadhi yao walinyanyua vyuma mwaka mzima, miezi mitatu hivi ya mwanzo chini ya uangalizi, wakiongeza uzito kidogo kidogo, na hawakuvimba kuwashinda wenzao. Nimemsimulia mume wangu. Ananiangalia tu, macho yanamlenga machozi, basi nanyamaza. Naye binti hakandi vizuri, Shangazi. Unga wake hauumuki, na wateja wangu wa alfajiri wameanza kupita bila kusimama.

La mama mkwe ndilo linalonikosesha usingizi. Anataka nipigwe hijama mkononi, maji mabaya yatolewe kabla hayajajaa. Mimi hijama siipingi, ni Sunna, na mgongoni nilishapigwa kabla ya kuugua. Lakini hijama ni kuchanja ngozi, na ngozi hii tone la mafuta liliniangusha kitandani. Na hayo maji si damu chafu ya kumwagwa, ni maji ya mwili yaliyokosa njia. Nilipojaribu kumweleza alisema, "Mwanangu, mimi nakutakia mabaya?"

Hanitakii mabaya. Yeye ndiye aliyenishikia beseni nilipokuwa natapika baada ya kemo, zile dawa kali za saratani. Siku nywele ziliponitoka alikuwa akiniosha kichwa, zikabaki mikononi mwake. Hakusema neno. Alizikusanya zote akazifunga kwenye pindo la kanga yake, nisizione sakafuni. Mtu wa namna hiyo namkatalia vipi na mimi bado nakula chakula cha mkono wake?

Nimefikiria kumpeleka kwa fizio asikie mwenyewe, lakini naogopa ataona nimemshitaki kwa watu. Nimefikiria mume wangu aseme kwa niaba yangu, ila naye akiingia humo bakuli langu silioni tena.

Wewe na wasomaji wako mliopitia haya, nisaidieni. Mtaalamu wa hijama ameshaitwa, anakuja Alhamisi baada ya alasiri. Nikikaa na mama mkwe Jumatano usiku, nianze na neno gani?

Muuza mahamri,
Majengo, Mombasa